Breki Iliyopakwa Rangi

Liko swali ambalo wanadamu wameulizana tangu zamani, nalo lingali likiulizwa karakanani, sokoni na nyumbani. Mtu akifanya kazi mbaya kwa siri, na kazi ile isimdhuru mtu ye yote, je, amekosa? Wengi hujibu upesi: "Hakuna aliyeumia, neno limekwisha." Sisi twaona neno halijaisha. Lakini mambo ya dhamiri yakisemwa juu juu hupita kama upepo. Kwa hiyo twataka kulitazama swali hili katika kitu kimoja cha chuma, kiwezacho kushikwa kwa mikono miwili, ambacho watu huweka roho zao juu yake kila siku bila kujua jina lake. Kitu hicho ni kalipa ya breki.

Chombo chenyewe

Motokaa nyingi za siku hizi, hasa kwa magurudumu ya mbele, husimamishwa na diski. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Kalipa imeikumbatia sahani ile kama koleo la mhunzi libanavyo chuma cha moto. Ndani ya kalipa mna matundu ya mviringo, na katika kila tundu mna pistoni, yaani kipande cha chuma kiendacho mbele na nyuma. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika mirija mpaka kwenye kalipa. Mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi hubana diski pande zote mbili. Katika ukuta wa tundu umechongwa mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji imelala pete ya mpira. Pete hii ina kazi mbili. Huzuia mafuta yasivuje. Tena breki ikiachiliwa, huivuta pistoni irudi nyuma kidogo sana, ili pedi iache kubana.

Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini dunia ilichukua nusu karne kuiamini. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilianza kuuza gari lake la DS, lenye diski magurudumu ya mbele. Tangu hapo chombo hiki kimeenea ulimwenguni kote.

Kutu hutoka wapi

Watu hudhani kalipa huliwa na kutu kwa sababu ya mvua na matope tu. Mvua na matope huila kwa nje, na kutu ya nje ni chafu lakini yaonekana. Kutu iuayo huanzia ndani. Mafuta ya breki ya kawaida hupenda maji. Hunyonya unyevu wa hewa polepole, mwezi hata mwezi, kupitia mirija ya mpira na mahali po pote pawezapo kupitisha hewa. Kwa jicho hayabadiliki sana, wala dereva hasikii tofauti anapokanyaga pedali asubuhi uwandani. Lakini maji yale hula chuma cha pistoni, na hula mfereji ule ulalapo mpira. Kutu ikijaa nyuma ya mpira, huusukuma uikabe pistoni. Pistoni ikikabwa, haisogei tena sawasawa. Pengine hukataa kwenda mbele, na gurudumu lile halishiki; gari huvutwa upande. Pengine hukataa kurudi nyuma, na pedi hukaa ikibana diski safari nzima, mpaka gurudumu linatoa harufu ya kuungua.

Hapo ndipo hatari ya mlimani. Mafuta ya aina iitwayo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 katika mia, yaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana hupeleka nguvu ya mguu mpaka gurudumuni. Lakini yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Katika mteremko mrefu dereva hukanyaga tena na tena, joto hupanda, mafuta huchemka, na mara pedali inazama mpaka chini kama mguu uliokanyaga tope. Breki ile ile iliyokuwa nzuri sokoni imekufa katikati ya mlima.

Magari ya mbio na kazi ya kufufua

Kazi ya kufufua kalipa zilizoliwa na kutu yajulikana sana kwa wapenzi wa magari ya zamani ya mbio, nao Afrika ya Mashariki wako. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa gari la Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Gari hilo lilikuwa na diski mbele na ngoma nyuma. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani tu, na watu huyatoa mabandani magari ya siku zile ili yakimbie tena.

Lakini magari hayo yamepita miaka hamsini, na baadhi yake yamelala muda mrefu bila kuguswa. Kalipa huharibika kwa kulala kuliko kwa kazi. Pistoni iendayo na kurudi kila siku hujisugua yenyewe. Pistoni ikaayo mahali pamoja miaka kumi hushikamana na ukuta wake. Basi fundi hana budi kuifungua. Huisukuma pistoni itoke kwa nguvu ya mafuta yenyewe au kwa hewa ya pampu, akiweka kipande cha ubao mbele yake, maana huchomoka kwa kishindo na yaweza kuvunja kidole. Huitoa mipira yote ya zamani na kuitupa. Husafisha matundu, na hasa mifereji ile, mpaka chuma safi kionekane. Hatumii petroli wala oili ya injini, kwa sababu hizo huvimbisha mpira. Hutumia spiriti au mafuta ya breki mapya. Kisha huichukua pistoni, huifuta, na kupitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama katika vishimo vya kutu, pistoni ile haifai tena, hata ikiwa imebaki nzuri pande zote nyingine, kwa kuwa mafuta yatapita katika vishimo vile. Huweka pistoni mpya na mipira mipya, hurudisha kalipa mahali pake, hutoa hewa yote mirijani, na kulijaribu gari polepole mahali tambarare kabla ya kulipeleka barabarani. Mwisho wa yote, kama mwenye gari apenda, hupaka rangi kwa nje.

Rangi ile ndiyo neno letu. Gari la mbio mara nyingi lina magurudumu ya wazi, na kalipa huonekana kati ya vyuma vyake. Wenye magari hupenda kuipaka nyekundu au ya manjano. Hakuna ubaya; rangi huikinga na kutu ya nje, na uzuri ni zawadi ya Mungu. Lakini kwa sababu rangi huonekana na pistoni haionekani, shetani wa ufundi amepata mlango. Brashi ya waya, kopo la rangi, nusu saa ya kazi, na kalipa iliyooza yang'aa kuliko ile iliyofufuliwa kweli. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mafundi wawili wa Baraka

Msomaji wa milima ya Bibokoboko ataweza kusema: "Habari za magari ya mbio zatuhusu nini sisi?" Ni kweli, huku kwetu magari ya namna hiyo hayaji. Mtu hushuka kwa miguu mpaka Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko apandako pikapu ya zamani ya kwenda Uvira au ya kupanda vilima vya Fizi. Lakini kalipa ya Datsun ya Nairobi na kalipa ya pikapu ya Baraka ni ndugu. Zina pistoni moja kwa jinsi, mpira mmoja, kutu moja. Kuna tofauti hii tu: gari la mbio likianguka, lina mtu mmoja au wawili waliovaa kofia ngumu, nao wamejua wanachokifanya. Pikapu ya Baraka ina mama mwenye mtoto mgongoni, mgonjwa apelekwaye hospitalini, mwanafunzi, mwenye mihogo na mwenye samaki, nao hawajui neno lo lote.

Basi tuwaze mafundi wawili mjini Baraka. Kila mmoja ameletewa pikapu yenye kalipa zilizokwama. Fundi wa kwanza azilegeza pistoni kwa bisibisi, asafisha nje, apaka rangi nyekundu, apokea fedha, asema, "Nimezitengeneza upya." Fundi wa pili afungua, asafisha, abadili, atoa hewa, ajaribu, apokea fedha ile ile. Magari yote mawili yaenda zake. Mwaka wapita, na hakuna lililoanguka. Je, mafundi hawa wawili ni sawa?

Tena tuligeuze jambo. Tuseme gari la fundi wa pili, aliyefanya kazi yote kwa haki, lilianguka kwa sababu mvua ilikula ukingo wa barabara usiku, na mtu akavunjika mguu. Gari la fundi wa kwanza bado latembea. Ukihesabu walioumia tu, utasema fundi mwema ndiye mwovu, na mwovu ndiye mwema. Kila mtu mwenye akili aona kwamba hesabu hiyo ina kasoro mahali fulani. Lakini iko wapi?

Fundisho la Kanisa

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika kitabu chake kiitwacho Summa Theologiae, alijiuliza kama matokeo ya tendo huongeza wema wake au ubaya wake. Alijibu kwa kupambanua. Matokeo ambayo mtu aliyatazamia humhusu, bila shaka. Matokeo ambayo hakuyatazamia, lakini kwa asili yake hufuata tendo la namna ile mara nyingi, humhusu pia. Bali matokeo yajayo kwa bahati na kwa nadra hayaongezi wala hayapunguzi. Tukiwapima mafundi wetu kwa kipimo hiki, mambo yanyoka. Ukingo ulioliwa na mvua haukutoka katika kazi ya fundi wa pili; ahuzunike kwa ajili ya yule aliyevunjika mguu, amwendee, amsaidie, lakini dhamiri yake isimshitaki. Kumbe breki kufa mlimani ni tunda la asili la pistoni iliyooza. Fundi wa kwanza alipanda mti huo kwa mikono yake. Kwamba mti haujazaa hakumfanyi asiwe ameupanda.

Tena Thomas huyo huyo, alipoandika juu ya kununua na kuuza, alifundisha kwamba muuzaji lazima aseme kasoro iliyofichika ikiwa yaweza kuleta hasara au hatari. Akatoa mifano ya wakati wake: farasi kiwete auzwaye kuwa mwepesi wa mbio, nyumba itakayo kuanguka iuzwayo kuwa imara, chakula kilichooza kiuzwacho kuwa kizuri. Alikufa mwaka 1274, miaka mia sita na zaidi kabla ya Lanchester, lakini twaona kalipa iliyopakwa rangi yaingia vizuri katika mstari ule, baada ya farasi na nyumba na chakula.

Maandiko Matakatifu yalikuwa yamesema kabla yake. Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, chaamuru mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake, mtu akianguka. Angalieni vema: sheria haingoji mtu aanguke. Dari lisilo na ukingo limevunja amri siku ile ile lilipoachwa hivyo, hata kama familia nzima yalala juu yake salama miaka ishirini. Na kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chasema juu ya ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe. Wafugaji wa milimani wajua habari hii kuliko sisi waandishi. Ng'ombe akimwua mtu na mwenyewe hakuwa na habari ya ukali wake, sheria humhukumu kwa namna moja. Lakini kama alikwisha kuonywa na asimfunge, hukumu ni nyingine, nzito sana. Aliyejua si sawa na asiyejua. Fundi aliyepitisha ukucha juu ya pistoni na ukucha ukakwama, huyo amekwisha kuonywa.

Kwa hiyo twajibu swali letu la kwanza. Fundi aliyepaka rangi amevunja amri ya saba, maana amepokea mshahara wa kazi asiyoifanya. Amevunja amri ya nane, maana amesema uongo. Na ameigusa amri ya tano, maana ameweka uhai wa watu hatarini pasipo ruhusa yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikieleza amri hiyo ya tano, yawahesabia hatia kubwa wale wanaohatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio. Fundi hashiki usukani, lakini mkono wake umo safarini tangu mwanzo hata mwisho.

Udhuru wa watu

Twasikia udhuru wa namna nyingi. Wa kwanza: "Mwenye gari mwenyewe alitaka bei ndogo." Hapo kuna ukweli, nao wamwangukia mwenye gari pia. Yule apunguzaye bei mpaka anajua kabisa kwamba kwa fedha hizo kipuri hakinunuliwi, naye hushiriki uongo wa fundi, hata asipoutamka. Lakini hatia ikigawanywa kwa watu wawili haiwi nusu. Tena abiria hawakuwako bei ilipokatwa.

Udhuru wa pili ni mzito, wala hatutaki kuupita kwa haraka. Fundi maskini husema: "Pistoni mpya haipatikani hapa. Yaagizwa Uvira au ng'ambo, Bujumbura. Njia hufungwa kwa vita, fedha hakuna, na nje kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitalini. Nikisema gari lisiende, nimemwua mgonjwa. Nikisema liende, labda nimewaua abiria. Ninyi mwandikao magazetini mwaniambia nini?"

Ndugu fundi, twakuambia neno moja: ukweli haununuliwi Uvira. Kipuri chaweza kukosekana Baraka, lakini maneno "breki hii si nzima" yapatikana bure. Lazima tupambanue kazi pungufu iliyotangazwa na kazi pungufu iliyofichwa. Kuna mafundi ambao, kwa kukosa pistoni, huziba mrija wa gurudumu lililoharibika ili gari lirudi nyumbani kwa breki za magurudumu yaliyobaki. Gari la namna hiyo huvutwa upande linaposimama, nalo ni la hatari. Fundi akifanya hivyo, kisha akamwambia dereva waziwazi, "Nenda tupu, nenda kwa gea ndogo, usichukue watu, usishuke mlima na mzigo," amempa dereva nafasi ya kuchagua kama mtu mwenye akili. Na ikiwa kuna mgonjwa wa kufa leo, dereva na jamaa za mgonjwa waweza kupima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo, wakijua. Lakini fundi akifanya kazi hiyo hiyo na kupaka rangi juu yake, amechagua peke yake kwa ajili ya watu wote, nao hawajui kwamba kulikuwa na la kuchagua. Umaskini waweza kumnyang'anya mtu pistoni. Haumlazimishi kushika kopo la rangi.

Udhuru wa tatu hausemwi kwa sauti, nasi twautaja kwa uchungu. Ni ule wa moyoni: "Gari hili laenda kwa watu wale. Si wetu." Katika nchi yetu ya Fizi tumeona damu. Mwezi wa Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia wasijue waendako. Mlimani na ziwani, kila kabila lina makaburi yake ya kulilia. Twajua kwamba mahali penye majeraha kama haya, mtu hujaribiwa kupima haki kwa kabila: kazi nzuri kwa wetu, rangi kwa wengine.

Lakini tazameni kalipa. Haiulizi aliyepanda ni Mbembe au Mnyamulenge, Mfuliiru au Mbuyu. Ikishika, huwaokoa wote. Ikikataa, huwaangusha wote, na huenda ndani ya gari lile yumo mtoto wa dada yake fundi, aliyepata nafasi ya kupanda njiani. Wala si kwa sababu ya mtoto huyo tu kwamba fundi afanye kazi ya haki. Jirani katika Injili hakuulizwa kabila lake. Aliyelala njiani na aliyemwinua walikuwa wa watu wasiochangamana. Mjini Baraka na Fizi tunao mashahidi wa jambo hili. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara huko Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert huko Fizi. Watatu walikuwa Waitalia, Wamisionari Waksaveri. Wa nne alikuwa mwana wa baba Mfaransa na mama wa Kikongo. Wangeweza kusema, "Watu hawa si wetu." Walikaa nao. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza Wenyeheri huko Uvira. Mmoja wao, kama mwonavyo, hakuwa padri bali bruda. Na katika misheni zetu za zamani kazi za chuma, mbao na motokaa mara nyingi zilikuwa mikononi mwa mabruda, watu waliojua kwamba msumari uliofichika ndani ya paa waonwa na Mungu sawa na msalaba ulio juu ya altare.

Njia ya kurudi

Sasa twafika mahali ambapo wengi hukosea, hata wale waliokubali yote tuliyosema. Fundi wa kwanza asikia mahubiri, moyo wake wachomwa, aenda kuungama. Padri amwondolea dhambi. Afurahi, arudi nyumbani, adhani yamekwisha. Hayajaisha. Maondoleo huondoa dhambi moyoni mwa fundi. Hayabadili pistoni iliyo ndani ya kalipa. Kanisa limefundisha daima kwamba atubuye lazima atengeneze, kadiri awezavyo, madhara aliyoyafanya: mwizi arudishe mali, msingiziaji arudishe jina jema la mwenzake. Na aliyeuza hatari aifuate hatari ile mahali ilipo.

Kosa la ngumi huisha ngumi inapotua. Kosa la kalipa haliishi siku ya kuuza. Latembea. Leo liko Baraka, kesho liko Uvira, keshokutwa lapanda Fizi na watu kumi na wawili nyuma. Kila asubuhi dereva awashapo injini, uongo ule wa nusu saa waanza safari upya. Kwa hiyo yule asemaye, "Mwaka umepita na hakuna aliyeumia," aisikilize sentensi yake mwenyewe vema. Adhani amesoma hukumu ya kumwachilia. Kumbe amesoma habari nyingine kabisa: kwamba nafasi ingaliko. Mungu amempa mwaka mzima ambao hakustahili, na katika mwaka huo kila siku ilikuwa siku ya kwenda kusema. Gari likianguka, atatubu bado, na Mungu atamsamehe bado, lakini kutengeneza hakutawezekana tena. Hakuna kipuri cha mtoto aliyekufa.

Afanye nini, basi? Amtafute mwenye gari na kumwambia: "Breki zile sikuzitengeneza, nilizipaka rangi tu. Usisafiri nazo. Fedha yako hii hapa, au nipe siku nitafute pistoni nifanye kazi yangu." Kama gari limeuzwa, aulize kwa nani. Madereva hujuana, na habari ya gari hupatikana kituoni upesi kuliko habari ya mtu. Ni kweli ataona haya. Huenda akatukanwa, huenda akapoteza wateja mwezi mmoja au miwili. Lakini twaamini kwamba mtu aliyewahi kusikia fundi akisema maneno hayo kwa hiari yake hatampelekea gari mwingine maisha yake yote.

Na ninyi wenye magari, msiwaache mafundi peke yao katika majaribu. Mkimpa fundi kalipa, mpeni na bei ya pistoni. Ombeni mwonyeshwe mipira ya zamani na pistoni za zamani baada ya kazi. Fundi wa haki hataudhika, atazitoa kwa furaha. Badilini mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limelala. Baada ya safari fupi sogezeni mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Lile lililo moto kupita wenzake lasema pistoni imekwama. Gari likivutwa upande mkisimama, msiseme ni kawaida yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mlimani, mara nyingi hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Abiria je? Abiria hana la kufanya ila kuamini. Hupanda, huketi juu ya mzigo, hujipiga ishara ya msalaba, na kukabidhi uhai wake kwa watu asiowaona: dereva, mtengeneza barabara, na fundi aliyeinama siku moja chini ya gari lile bila mtu wa kumtazama. Imani ya abiria ni amana, na amana hudaiwa kwa yule aliyeipokea, awe anajulikana au hajulikani, liwe gari limeanguka au halijaanguka.

Yule fundi wa Baraka tuliyemwaza ni wa mfano tu. Lakini kama yuko msomaji, Baraka au Uvira, Kigoma au Nairobi, ambaye aijua kalipa iliyopakwa rangi kwa mkono wake, au ukuta uliopakwa chokaa juu ya tofali bovu, au dawa iliyopitwa na siku zake ikiuzwa katika kisanduku kipya, twamwomba kwa jina la Bwana asingoje Jumapili. Gari lile bado latembea. Atume neno leo.